Swali Lisilosubiri Jibu: Uhakiki wa Masomo ya Mtandaoni kwa Wainjilisti na Washarika

Katika makala hii tunakusudia kuyapima masomo ya mtandaoni yanayotolewa siku hizi kwa wainjilisti, walimu wa shule ya Jumapili na washarika wanaotaka kujifunza theolojia bila kuacha kazi na nyumba zao. Tunayapima kama mhakiki apimavyo kitabu au hubiri: yamejengwaje, yanamfanya nini anayeyasoma, na je, yanaifaa kazi iliyokusudiwa? Hatutataja jina la chuo wala idara yoyote, kwa kuwa kasoro tutakazozieleza ni za aina nzima ya masomo haya, wala si za mtu mmoja aliyeyaandaa. Mahali tulipoyatazamia ni Bunju, upande wa kaskazini wa Manispaa ya Kinondoni, kwenye Barabara ya Bagamoyo, takribani kilometa 30 kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mtu anayeishi Bunju na kufanya kazi mjini huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na hurudi likiwa limekwisha kuzama. Saa zake za kusoma ni zile anazokaa ndani ya daladala kati ya Tegeta na Mwenge, kama amebahatika kupata kiti, na ile nusu saa kabla ya usingizi kumshinda. Somo lisiloweza kusimama katika saa hizo haliwezi kusimama popote katika viunga vya jiji letu.

Jambo hili si dogo kwa Kanisa. Katika mitaa ya pembezoni mwinjilisti ndiye anayehubiri Jumapili nyingi kuliko mchungaji, ndiye anayegongewa mlango usiku penye msiba, na ndiye anayeulizwa maswali ambayo hakuna aliyemwandaa kuyajibu. Simu anayosomea masomo yetu ndiyo hiyohiyo anayopokelea mahubiri ya wale wanaouza mafuta na maji ya upako. Watu hao wamejua tangu zamani namna ya kumshirikisha msikilizaji: taja jina la adui yako, andika neno “napokea”, weka kiganja juu ya kioo cha simu upate uponyaji. Hatuwasifu kwa mafundisho hayo. Lakini haina budi kusemwa kwamba msikilizaji wao hufanya jambo, na msomaji wetu hutazama tu.

Tuanze na umbo la masomo yenyewe. Machi 2020 serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya UVIKO-19, na vyuo vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka ule. Katika miezi hiyo, na katika miaka iliyofuata, walimu wengi waliombwa kuyapeleka masomo yao mtandaoni kwa haraka. Wakafanya lililo jepesi: wakachukua mhadhara wa darasani, wakaurekodi kwa video ya dakika 40, wakaambatanisha kitini cha kurasa 20, na mwishoni wakaweka maswali kumi ya kuchagua jibu. Anayefaulu hupata cheti. Katika ukurasa wa kwanza imeandikwa kwamba somo ni shirikishi.

Ushirikishi huo uko wapi? Msomaji anabofya, na ukurasa unageuka. Anabofya tena, na picha inajongea. Akikosea swali huambiwa amekosea, hurudia, huchagua herufi nyingine, kisha hupongezwa kwa nyota na tarumbeta. Tulikaa Bunju na wainjilisti wanne na mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, tukawapa somo la namna hiyo kuhusu Ubatizo. Watatu kati yao waliyajibu maswali bila kuifungua video, wakapata nane na tisa katika kumi. Hawakufanya udanganyifu wowote. Somo lenyewe liliwaruhusu, kwa kuwa jibu sahihi lilikuwa daima ndilo refu kuliko mengine, na mengine yalikuwa ya kipuuzi mno kiasi kwamba mtoto wa kipaimara angeyakataa. Wanafunzi wetu wa theolojia wanaikumbuka hoja ya Wareformata dhidi ya fundisho la ex opere operato, yaani sakramenti kudhaniwa kufanya kazi kwa sababu tu imetendwa, hata kama hakuna imani inayoipokea. Ingekuwa ajabu kama tungelipinga jambo hilo altareni kisha tuliingize darasani, tukamhesabia mtu maarifa kwa sababu kidole chake kimegusa kioo.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo mapya na tuvumilie. Sivyo. Kanisa katika nchi zetu lina uzoefu wa zaidi ya nusu karne wa kumfundisha mtu aliye mbali na mwalimu, na inasikitisha kuona jinsi uzoefu huo unavyosahauliwa na wale wanaoandaa masomo ya leo. Elimu ya theolojia kwa enezi ilianza mwaka 1963 katika Seminari ya Kipresbiteri ya Guatemala, ambako Ralph Winter na James Emery, na baada yao Ross Kinsler, waliona kwamba seminari ilikuwa ikiwasomesha vijana ambao hawakurudi vijijini, huku viongozi halisi wa sharika wakiwa ni watu wazima wenye mashamba na watoto. Wakaamua seminari iwafuate hao. Katika Afrika Fred Holland, aliyefanya kazi Zambia, aliieneza njia hiyo, na vitabu vya mfululizo wa TEXT-Africa vilivyochapishwa nchini Kenya vikatafsiriwa katika lugha nyingi za bara hili.

Vitabu vile vilijengwa kwa mtindo uliotokana na B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa akiwafundisha njiwa kwa kuwapa punje kila walipofanya alilolitaka, na ambaye katika miaka ya 1950 alitengeneza mashine ya kufundishia. Somo hukatwa vipande vidogo. Kila kipande kina maneno machache, kisha swali, kisha nafasi ya kuandika jibu, na jibu sahihi limewekwa mahali ambapo msomaji hulifunika kwa karatasi mpaka awe ameandika lake. Walioisoma theolojia kwa vitabu hivyo wanajua jinsi vilivyoweza kuchosha. Tena ulikuwako upinzani wa kweli, hasa kutoka kwa wale waliomsoma Paulo Freire, aliyehudumu katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Geneva katika miaka ya 1970. Hao waliuliza kama mtu anayejaza nafasi zilizoachwa na mwingine anajifunza kufikiri au anazoezwa kutii. Swali hilo tunaliona kuwa la haki, na masomo ya mtandaoni yamelirithi bila kulijibu.

Hata hivyo vitabu vya enezi vilikuwa na jambo moja ambalo masomo ya leo hayana. Ted Ward alilifananisha na uzio wa magogo. Gogo la juu ni yale mtu anayoyasoma peke yake. Gogo la chini ni kazi anayoifanya kila siku usharikani. Na nguzo zinazoyashika magogo yote mawili ni mikutano ya mara kwa mara ya wanafunzi na mwalimu wao. Ondoa nguzo, magogo huanguka chini. Kitabu hakikudai kumshirikisha msomaji peke yake. Kilimwandaa kushirikiana na wenzake siku ya mkutano, naye alijua kwamba siku hiyo ataulizwa, tena mbele ya watu wanaomfahamu. Masomo tuliyoyatazama yana gogo la juu tu, limelazwa juu ya nyasi na kupakwa rangi za kuvutia.

Nje ya Kanisa pia tuna mifano iliyo karibu nasi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima karibu milioni 2 katika Tanzania kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusoma. Redio ilikuwa chombo cha upande mmoja kabisa. Haikuweza kumsikia mtu yeyote. Lakini kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kilisikiliza pamoja, kilijadiliana, kisha kiliamua hatua ya kuchukua kijijini kabla ya kipindi kijacho: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Ushirikishi haukuwamo ndani ya chombo. Ulikuwamo katika maswali yaliyoandikwa kijituoni mwa kijitabu na katika majembe. Anayedhani kwamba somo huwa shirikishi kwa sababu ya aina ya mashine anapaswa kuitafakari redio ya mwaka 1973. Nacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho makao yake makuu yako Kinondoni, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari kikitegemea maandishi yaliyochapwa. Baadaye kikaingia katika jukwaa la Moodle, lakini hakikuviacha vituo vyake vya mikoani, ambako mwanafunzi huweza kukutana na mtu.

Mfano wa pili ni wa watoto, nao unastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kuliko ulivyochunguzwa na watu wetu. Kati ya mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa mwaka 2019 mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanya majaribio katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Watoto karibu 3,000, ambao wengi wao hawakuwahi kuhudhuria shule, waligawiwa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapakuwa na mwalimu. Kulikuwa na mitambo ya umeme wa jua na mama mmoja katika kijiji aliyesimamia kuvichaji. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya makundi mawili, onebillion na Kitkit School.

Tunaweza kujifunza nini? Masomo yale yalisubiri. Sauti ilimwambia mtoto jambo moja, kisha ikanyamaza mpaka afanye kitu. Akikosea hakuaibishwa, bali alipewa njia rahisi zaidi ya jambo lilelile. Masomo yalisemwa kwa Kiswahili cha kueleweka, na picha zilikuwa za vitu ambavyo mtoto wa Handeni au Pangani anavijua. Mwandaaji wa masomo ya wainjilisti akiiga hayo matatu tu, yaani kusubiri, kutoaibisha na kutumia vitu vinavyojulikana, atakuwa amekwenda mbali. Lakini mpaka wa njia hiyo nao uonekane. Herufi “ba” ina jibu moja. Mtoto hakuweza kukiuliza kishikwambi swali, wala hakuhitaji sana. Theolojia huanza pale anayefundishwa anapouliza.

Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa hapa Dar es Salaam na zilizoanza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014, zilikwenda hatua moja mbele: mtazamaji aliweza kujibu swali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida kabisa, naye akarudishiwa ujumbe. Tunaona kwamba hapo kuna fundisho kwa watu wetu wanaodhani kwamba bila simu kubwa na mtandao wa kasi hakuna linalowezekana. Simu ndogo ya tochi ilitosha.

Sasa tuje nyumbani kabisa, kwa Luther. Ni jambo la kustaajabisha kwamba Walutheri tunakwenda kuazima nadharia za ushirikishi ilhali tunayo Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo karibu yote imejengwa juu ya swali linalorudiwarudiwa la kuuliza maana ya kile kilichokwisha kusemwa. Tena Luther hakutaka swali hilo liulizwe na kitabu. Alitaka liulizwe na baba wa nyumba, mezani, kwa watoto na watumishi. Katika utangulizi wa Misa ya Kijerumani ya mwaka 1526 anaeleza mchezo mmoja ambao wachungaji wengi hatukufundishwa chuoni. Mtoto awe na mifuko miwili katika fikira zake, mmoja wa imani na mmoja wa upendo, na kila mfuko uwe na vijaluba viwili. Katika mfuko wa imani, kijaluba kimoja kiwekewe maneno ya Maandiko yahusuyo dhambi na upotevu wetu, na kingine yahusuyo ukombozi katika Kristo. Katika mfuko wa upendo, kimoja cha kuwatendea wengine mema, na kingine cha kuvumilia mabaya. Mtoto arudipo kutoka kanisani aulizwe ameleta neno gani, na aseme analitia katika mfuko upi. Luther anawaonya wenye hekima wasiudharau mchezo huo kuwa wa kitoto, kwa kuwa Kristo alipotaka kuwavuta wanadamu alilazimika kuwa mwanadamu; nasi tukitaka kuwalea watoto hatuna budi kuwa watoto pamoja nao.

Tuutazame mchezo huo kama wahakiki. Mtoto hachagui kati ya majibu manne yaliyopangwa na mtu mwingine. Analeta neno mwenyewe. Kisha anafanya hukumu: neno hili ni la wapi? Na neno moja laweza kubishaniwa, kwa kuwa maneno mengi ya Maandiko yanafaa katika vijaluba viwili. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza mezani. Hauhitaji umeme. Kuutia katika simu ni rahisi mno: msomaji aandike au aseme neno alilolisikia Jumapili, aliweke mahali anapodhani panafaa, aone wenzake watano wameliweka wapi, kisha aandike sentensi moja kuwajibu. Hatujaliona somo hata moja linalofanya hivyo.

Pwani yetu nayo ina hekima yake. Anayetega kitendawili hasemi mpaka ameitikiwa, na anayeshindwa haambiwi jibu mara moja. Huombwa mji kwanza. Humtajia mtegaji mji huu na ule, mpaka akubali mmoja, ndipo jibu linapotolewa. Tukio hilo la kutoa mji lina ufundi mkubwa wa ualimu. Linarefusha muda kati ya swali na jibu, na katika muda huo watu wote barazani wanaendelea kufikiri, wengine wakicheka. Tena kutojua kuna gharama, lakini ni gharama ya mzaha isiyomvunjia mtu heshima. Somo la mtandaoni linalotoa jibu dakika ileile msomaji anapokosea limemnyima mji wake.

Kuhusu nyota na pointi tuna neno la kitheolojia, ingawa hatutaki kulikuza kupita kiasi. Mtu mzima akipongezwa baada ya kazi ngumu hakuna ubaya. Ila katika somo moja tuliloliona, lililofundisha kuhesabiwa haki kwa neema, msomaji alikuwa akijikusanyia pointi kila ukurasa, na mwisho akawekwa katika orodha ya washindi, wa kwanza hadi wa mwisho. Maneno yalifundisha Warumi sura ya 3, na umbo la somo lilifundisha kinyume chake. Wanafunzi huamini umbo kuliko maneno. Yule aliyekuwa wa mwisho katika orodha alikuwa mama anayekaanga samaki asubuhi na kufundisha shule ya Jumapili, na sababu ya kuwa wa mwisho ilikuwa kwamba bando lake lilikwisha katikati ya video.

Baada ya somo lile la Ubatizo tuliwapa wainjilisti wale wa Bunju swali moja tulilolitunga wenyewe. Mama mmoja mtaani kwako amejifungua, na mtoto amefariki siku ya pili kabla ya kubatizwa. Jirani amemwambia kwamba mtoto huyo amepotea. Unaingia ndani, naye anakuuliza yuko wapi mwanawe. Tuliweka majibu manne, na yote manne tumewahi kuyasikia katika misiba ya kweli: kumweleza kwa upole fundisho kwamba Ubatizo ni wa lazima, kumwambia mtoto amekuwa malaika, kumwambia kwamba Mungu hafungwi na sakramenti zake, na kwamba sala zake akiwa mjamzito zilisikiwa, au kumwambia asubiri mchungaji aje. Msomaji anapochagua hapewi alama. Anapewa swali linalofuata la mama. Ukimwambia ni malaika, anauliza mbona hayo hayamo katika Biblia uliyomfundisha. Ukimwambia Mungu hafungwi, anauliza kwa nini basi mnatuhimiza kubatiza upesi. Ukimwambia asubiri mchungaji, ananyamaza, na jirani yule anaingia tena.

Walibishana karibu saa nzima. Mmoja alisema, “Mchungaji, swali hili halina jibu.” Mwingine, mzee kuliko wote, akamwambia kwamba jibu lipo lakini si la kusemwa mara ya kwanza unapoingia, kwanza unakaa chini. Jibu hilo halikuwamo katika manne yetu, nalo lilikuwa bora kuliko yote manne. Baada ya hapo, si kabla, tuliwapa muhtasari wa kile Luther alichowaandikia mwaka 1542 wanawake waliopoteza mimba au watoto wao wakati wa kujifungua, ambamo anazitegemeza faraja na matumaini juu ya kuugua na maombi ya mama Mkristo yaliyo mbele za Mungu. Waliisoma kurasa hiyo moja kama watu wenye njaa. Tungeiweka mwanzoni mwa somo wangeipita, kama walivyoipita video.

Mpangilio huo ndio tunaoupendekeza kwa waandaaji: jambo gumu la kweli litangulie, msomaji ajitose kwa jibu lake, jibu lizae swali jingine, wenzake walione, ndipo maandishi ya Kanisa yaletwe. Swali la kuchagua jibu laweza kutumika, mradi kila jibu liwe ni lile ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kulitoa. Anayeshindwa kuyapata majibu ya namna hiyo ofisini aende msibani akasikilize. Na somo la historia? Mwaka aliozaliwa Luther unaweza kuulizwa, haidhuru. Lakini tusiite hilo ushirikishi.

Kuhusu gharama tutasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu anazijua. Biblia nzima kwa maandishi matupu haifiki megabaiti 10. Mhadhara mmoja wa video wa dakika 40 huweza kula megabaiti mia kadhaa, na aliyemo ndani ya daladala haoni kilichoandikwa ubaoni. Sauti ya dakika kumi, iliyobanwa vizuri, ni megabaiti chache tu. Mtu huipakua usiku na kuisikiliza njiani akiwa amesimama, simu ikiwa mfukoni. Somo tulilolijaribu Bunju lilikuwa na sauti ya dakika saba, ukurasa mmoja wa maandishi, na swali lile la mama katika kundi la WhatsApp ambalo wainjilisti walikuwa nalo tayari. Hakuna aliyehitaji nywila mpya.

Lililo ghali ni mwalimu, na hapa vyuo vyetu vinajidanganya. Video ikisharekodiwa hudhaniwa kwamba somo limekamilika na mwalimu yuko huru kwa kazi nyingine, na kwamba sasa yaweza kuandikishwa idadi yoyote ya wanafunzi. Lakini somo linalosubiri jibu lazima liwe na mtu wa kulisoma jibu hilo. Chukua wanafunzi 40, kila mmoja akiandika mistari kumi kwa juma. Hiyo ni mistari 400. Mwalimu akitumia dakika tano kwa kila mmoja, kusoma na kumjibu kwa jina lake, amemaliza saa tatu na dakika 20, kabla hajaandaa somo la juma linalofuata. Katika ratiba tulizoziona saa hizo hazikuandikwa mahali popote. Mwalimu huzifanya usiku, au haziwi. Pale zisipokuwapo, wanafunzi huandika kwa majuma mawili ya kwanza, na katika juma la tatu huacha kuandika na kurudi kubofya. Halmashauri za vyuo zinapoketi kupitisha mitaala mipya ya mtandaoni, saa hizo tatu na dakika 20 zihesabiwe kuwa ni vipindi vya kufundisha, zilipwe hivyo, na idadi ya wanafunzi iwekwe kulingana nazo.